Yale Ambayo Barua ya Chuo Haisemi

Barua ya kukubaliwa katika chuo cha ng'ambo haikai siri kwa muda mrefu Karurumo. Soko lenyewe ni dogo, upande wa Runyenjes katika kaunti ya Embu, na watu wanajuana hadi kwa majina ya mababu. Asubuhi habari iko nyumbani, jioni iko kwenye kikundi cha WhatsApp cha ukoo, Jumapili inatangazwa kanisani. Kabla mwezi haujaisha kamati ya harambee imepata mwenyekiti na mweka hazina.

Kamati hiyo huandika bajeti, na bajeti huwa ndefu: nauli ya ndege, ada ya viza, bima ya afya, mtihani wa Kiingereza, koti zito, fedha za mwezi wa kwanza. Hakuna hata kimoja kinachoweza kufutwa. Ujerumani humtaka mwanafunzi aoneshe kwenye akaunti maalumu euro 11,904 za kumlisha mwaka mzima, kiwango kilichowekwa mwaka 2024. Uingereza hudai ada ya afya ya pauni 776 kwa kila mwaka wa masomo, na tangu Januari 2024 mwanafunzi wa uzamili wa kufundishwa darasani haruhusiwi kuja na mke, mume wala watoto. Cheti cha IELTS huisha nguvu baada ya miaka 2, hata kama mwenye nacho amefundishwa kwa Kiingereza tangu darasa la nne. Ukoo ukishavuka vikwazo hivyo vyote, una haki ya kuamini kwamba mtoto wao yuko tayari.

Hapo ndipo pengo lilipo. Mambo yatakayomtesa kijana huyo mwezi wa tatu hayana risiti, kwa hiyo hayaingii kwenye bajeti. Ni namna ya kumpinga profesa bila kumvunjia heshima na bila kujivunjia mwenyewe. Ni kusoma makala sita kwa wiki na kujua ipi ya kusomwa neno kwa neno na ipi ya kupitiwa tu. Ni kuelewa kwamba msimamizi akiandika pembeni mwa ukurasa "inavutia, lakini je?" hakusifu, amekuambia uianze hoja upya. Chuo chochote kina kanuni za namna hii, na kwa kuwa wenyeji walizinyonya bila kujua, hakuna anayekumbuka kuziandika.

Mwaka 1954 mwanaanthropolojia Kalervo Oberg, Mkanada, alitoa mhadhara mjini Rio de Janeiro kuhusu mshtuko wa utamaduni: mgeni kwanza hufurahia kila kitu, kisha huanguka, kisha huinuka polepole, na mwishowe huzoea. Wengi wanaijua ngazi hiyo kwa habari za chakula, baridi na upweke. Kwa mwanafunzi wa uzamili kuna anguko jingine, la kitaaluma, nalo lina tarehe yake. Uingereza mwaka wa masomo huanza Septemba au Oktoba. Insha ya kwanza hukusanywa karibu na Novemba. Alama hurudi Desemba, wakati jua la London linatua kabla ya saa kumi jioni. Kijana aliyemaliza shahada ya kwanza akiwa juu ya darasa lake hufungua kompyuta na kukuta 52. Maelezo chini yake yanasema kazi ni ya kueleza tu, haina uchambuzi. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba hayo ni mambo mawili.

Kwa nini hakuambiwa? Jibu rahisi, na ambalo husikika sana katika ofisi za vyuo vya Magharibi, ni kwamba Waafrika wanatoka katika utamaduni wa kukaa kimya mbele ya wakubwa. Jibu hilo lina chembe ya ukweli na gunia la uvivu.

Chembe ya ukweli ni hii. Mtoto wa Karurumo hamwiti mtu mzima kwa jina tupu, na chuoni tabia hiyo hugeuka kuwa "Prof" na "Daktari" katika kila sentensi. Akifika Uswidi au Marekani na kuambiwa amwite msimamizi wake kwa jina la kwanza, ulimi hukwama. Wengine hutafuta njia ya kuzunguka, wakaandika barua pepe zisizo na jina lolote mwanzoni. Si jambo dogo kama linavyoonekana, maana asiyejua amwite mtu vipi hukawia kumtafuta anapokwama.

Lakini kimya cha darasani hakikutoka kwenye mila. Nchiru, katika kaunti ya Meru, ndiko yalipo makao ya Njuri Ncheke, baraza la wazee wa Ameru, na ndiko kilipo pia Chuo Kikuu cha Meru cha Sayansi na Teknolojia. Shughuli ya baraza ni kusikiliza mgogoro, kutaka ushahidi, kumpa kila upande nafasi, kurudi kwenye neno la mzungumzaji aliyetangulia na kulipima kabla ya kulikataa. Hiyo ni semina, ingawa haiitwi hivyo. Kinachoweza kusemwa kwa haki ni kwamba nafasi ya kubishana ilitolewa kwa umri na daraja, na kijana alijifunza kwa kusikiliza miaka mingi. Utamaduni wa hoja upo. Shule ndiyo iliyochukua kimya cha mwanagenzi na kusahau kumfikisha kwenye zamu yake ya kusema.

Shule ilifanya hivyo kwa sababu ya mtihani. Mfumo wa elimu wa 8-4-4 ulianza mwaka 1985, ukaleta mtihani wa mwisho wa shule ya msingi, KCPE, kisha ule wa sekondari, KCSE, kuanzia 1989, na kwa miongo mitatu na zaidi alama za mtihani mmoja ziliamua mtoto aende wapi. Mwalimu mzuri akawa yule anayejua mwongozo wa kusahihishia. Mwanafunzi mzuri akawa yule aliyemaliza mitihani ya zamani yote. Ujuzi wa kweli ulipatikana humo, na nidhamu kubwa, na hakuna sababu ya kuubeza. Ndio unaowafanya Wakenya wengi wang'ae kwenye masomo ya takwimu na maabara wakifika ng'ambo. Ila mwongozo wa kusahihishia una jibu tayari, na uzamili ni mahali ambapo anayeuliza swali mara nyingi hana jibu. KCPE ya mwisho ilifanywa 2023, na mtaala mpya wa umilisi umeahidi mengine. Watoto wake bado hawajafika uzamili.

Suala la kunukuu linaonesha vizuri jinsi jambo moja linavyoweza kuwa geni na la nyumbani kwa wakati mmoja. Katika vyuo vingi vya ng'ambo kijana hupokelewa na onyo kuhusu wizi wa maandishi, na programu ya kukagua ulinganifu kama Turnitin, kisha huachwa na hofu. Anajifunza kuweka mabano na mwaka ili asikamatwe. Ilhali katika eneo lake kulikuwa na somo bora zaidi. Mwanahistoria H. S. K. Mwaniki alizunguka Embu na Mbeere akiwahoji wazee, na mwaka 1973 ukachapishwa utafiti wake juu ya historia ya watu hao hadi 1906. Historia ya namna hiyo haisimami bila swali: nani alisema, wa ukoo gani, wa rika gani, aliona mwenyewe au alisikia kwa baba yake? Ukimwambia kijana wa Embu kwamba nukuu ni jibu la swali "umeambiwa na nani?", ameelewa. Ukimwambia ni adhabu inayomngoja, ataitumia kama kinga ya mvua.

Kuna ushahidi mmoja mzito zaidi kwamba tatizo si uwezo, nao unauma. Kwa miaka mingi maelfu ya vijana wa Kenya, wengi wao wakiwa na shahada na wakikosa kazi, wamejipatia riziki kwa kuandika insha na hata tasnifu za wanafunzi wa Marekani, Uingereza na Australia. Gazeti la New York Times liliichunguza biashara hiyo mwaka 2019. Mwaka 2022 sheria ilipitishwa kupiga marufuku huduma hizo nchini Uingereza. Mwaka 2024 ikatoka filamu ya hali halisi, The Shadow Scholars, inayomfuata Patricia Kingori, profesa wa Oxford mzaliwa wa Kenya, akiwatafuta waandishi hao. Tangu programu za akili bandia zienee mwishoni mwa 2022, kazi zimewapungukia.

Tafakari maana yake. Kijana anayeandika insha hizo anajua mitindo ya kunukuu: anajua APA, anajua MLA, anajua Harvard, anajua mwalimu wa Ohio anapenda hitimisho la aina gani. Ameandika kuhusu uuguzi, sheria na falsafa kwa usiku mmoja kila kimoja. Kazi yake imepata A, na A imeandikwa jina la mtu mwingine. Halafu yeye mwenyewe akiomba uzamili katika chuo kilekile, anadaiwa athibitishe kwamba anaweza Kiingereza. Biashara hiyo ni udanganyifu na imewadhuru waliomo pande zote mbili, lakini inafuta kabisa dhana kwamba mwanafunzi kutoka Kenya huja na upungufu wa akili au wa lugha. Alichonyimwa mwandishi huyo wa usiku ni kiti mezani: kutetea wazo kwa sauti yake, kuulizwa, kukosea mbele ya wenzake, kurudi wiki ijayo na wazo lililorekebishwa. Sura ya maandishi ya kitaaluma inaweza kujifunzwa peke yako kwenye saiba. Mazungumzo yaliyoizaa hayawezi.

Historia ya Kenya ina watu waliokipata kiti hicho. Katikati ya miaka ya 1930 Jomo Kenyatta aliketi katika semina ya mwanaanthropolojia Bronisław Malinowski pale London School of Economics, mahali palipojulikana kwa mabishano makali. Kitabu alichokitoa mwaka 1938, Facing Mount Kenya, kina alama za mabishano hayo: kinatumia lugha ya wanaanthropolojia kuwajibu waliojiona wasemaji wa Waafrika. Aliingia kwenye mazungumzo akiwa na jambo la kusema, jambo ambalo walimu wake wasingeweza kulijua kumshinda. Hilo peke yake ni matayarisho makubwa kuliko koti.

Safari ya Wangari Maathai inafundisha kwa namna nyingine. Aliondoka mwaka 1960 katika ule mpango wa kuwasafirisha wanafunzi Marekani ulioanzishwa na Tom Mboya, ambao ndege yake ya kwanza ilibeba wanafunzi 81 Septemba 1959. Mara nyingi safari hiyo husimuliwa kama muujiza wa vipaji. Ukiutazama mpangilio wake utaona kitu kingine: muda. Maathai alikaa miaka 4 katika chuo kidogo cha masista mjini Atchison, Kansas, akasoma baiolojia, na pembeni yake kemia na Kijerumani. Alipoingia uzamili Pittsburgh, ambao aliumaliza 1966, alikuwa amekwisha kuzoea namna Wamarekani wanavyofundisha na wanavyouliza. Maabara ya Pittsburgh ikampa ufundi wa kuandaa tishu kwa hadubini, ufundi uliomfungulia mlango wa Nairobi chini ya Profesa Reinhold Hofmann, na Kijerumani kile cha Kansas kikamfaa alipokwenda Giessen na Munich. Uzamifu wake aliupata Nairobi mwaka 1971. Kila hatua ilimtayarisha kwa inayofuata, na hakuna iliyofanywa kwa haraka.

Ngũgĩ wa Thiong'o naye alikwenda Leeds mwaka 1964 kwa ajili ya uzamili na akarudi bila shahada hiyo. Alichokuja nacho ni riwaya, A Grain of Wheat, iliyotoka 1967. Ni haki kumtaja katika mjadala huu, kwa sababu tunawapima wanafunzi wa ng'ambo kwa vyeti, na cheti si kipimo cha kila kilichotokea kichwani mwa mtu.

Sasa linganisha miaka 4 ya Maathai na hali ya leo. Uzamili wa kawaida wa Uingereza ni miezi 12. Ukiondoa miezi mitatu ya mwanzo kabla ya alama za kwanza kurudi, na mitatu ya mwisho ya tasnifu, mwanafunzi ana nusu mwaka wa kugundua kanuni, kuzijaribu na kujirekebisha. Mwenyeji aliyesoma shahada ya kwanza katika chuo hichohicho hana haja ya nusu mwaka huo. Ndiyo maana hoja ya matayarisho ni hoja ya haki: kadiri kozi inavyokuwa fupi, ndivyo kila kitu kisichofundishwa kabla ya safari kinavyogeuka kuwa adhabu kwa aliyetoka mbali.

Tena hakuna "majuu" moja. Kwa upande wa alama tu, Kenya imerithi desturi ya Uingereza, ambako 70 ni daraja la juu na watu hushangilia. Mmarekani akiona 70 huona aibu, na mwanafunzi wa uzamili huko kwa kawaida hutakiwa asishuke chini ya wastani wa 3.0 kati ya 4.0. Ujerumani namba zimegeuzwa: 1.0 ndiyo bora, 4.0 ndiyo ya kuponea, 5.0 ni kuanguka. China, ambayo ilifungua Taasisi ya Confucius ya kwanza barani Afrika katika Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 2005, humpa anayekwenda kusoma kwa Kichina mwaka mzima wa lugha kabla ya kozi. Mwaka huo huonekana kama kupoteza wakati. Kwa kweli ni zawadi ambayo aendaye kwenye nchi ya Kiingereza haipati, kwa sababu watu hudhani akijua lugha amejua na desturi.

Ali Mazrui, mtoto wa Mombasa, alipita Manchester, kisha Columbia mjini New York, kisha Oxford, na kila chuo kilimtaka aandike kwa namna yake. Ni wachache wanaopata nafasi ya kujifunza tofauti hizo moja baada ya nyingine.

Wala safari si ya kwenda Ulaya tu. Mkongo wa Bukavu anayekuja kusoma Nairobi anabeba mazoea ya chuo cha Kifaransa, ambako insha hujengwa kwa mpango mkali wa sehemu na mhadhiri huheshimiwa kwa umbali. Mwaka 2017 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walitangaza eneo moja la elimu ya juu, ili vyeti vitambuliwe kuvuka mipaka. Vyeti vinaweza kutambuliwa kwa tangazo. Mazoea ya darasani hayavuki mpaka kwa tangazo, na vyuo vyetu vinavyopokea wageni vinahitaji kujiuliza yaleyale tunayowauliza Waingereza.

Habari njema ni kwamba kazi hii inafanyika, na inafanyika hapahapa. Muungano wa utafiti wa uchumi barani Afrika, AERC, wenye makao Nairobi tangu 1988, umekuwa ukiwakusanya wanafunzi wa vyuo mbalimbali kwa masomo ya pamoja ya uzamili na baadaye uzamifu. Icipe, kituo cha utafiti wa wadudu kilichoanzishwa na Thomas Odhiambo mwaka 1970, kilianza mpango wake wa uzamifu wa kikanda mwaka 1983. CARTA, muungano wa mafunzo ya watafiti ulioundwa 2008 na kuongozwa na kituo cha utafiti cha APHRC cha Nairobi pamoja na chuo cha Witwatersrand, huwakutanisha wanafunzi wa uzamifu katika semina nne za pamoja, kila moja kwa hatua yake ya utafiti, kuanzia kutafuta swali. Katika Chuo Kikuu cha Makerere nchini Uganda, msomi Mahmood Mamdani alipoishika Taasisi ya Utafiti wa Jamii mwaka 2010, aliona kwamba watafiti wamegeuka watu wa kuandika ripoti za wafadhili. Mwaka 2012 akaanzisha uzamifu wenye miaka ya madarasa na usomaji mzito kabla ya tasnifu. Unaweza kubishana na mtaala wake. Huwezi kubishana na alilolitambua: kusoma kwa pamoja na kubishana juu ya kilichosomwa ni ujuzi unaofundishwa.

Jean Lave, aliyewafuatilia mafundi cherehani wa Liberia, na Etienne Wenger waliandika mwaka 1991 kwamba mtu huingia katika jamii ya kazi kwa kuanzia pembezoni, akipewa kazi ndogo lakini za kweli, akiwatazama waliomtangulia, akisogea katikati taratibu. Mwanagenzi wa fundi hashoni suti siku ya kwanza. Anashona vifungo vya suti itakayovaliwa kweli. Ukichukua picha hiyo na kuiweka kwenye chuo, lawama inagawanyika. Anayefika ana wajibu wa kusogea. Anayepokea ana wajibu wa kumwonesha vifungo viko wapi: mfano wa insha iliyopata alama ya juu na maelezo ya kwa nini, kazi fupi isiyohesabiwa katika wiki ya tatu ili makosa yagunduliwe mapema, msimamizi anayesema wazi anataka kuitwaje. Vyuo vinavyotoza wanafunzi wa kigeni ada kubwa kuliko wenyeji havina sababu ya kuyaona hayo kama hisani.

Upande wa nyumbani, Chuo Kikuu cha Embu, kilichopewa hati mwaka 2016, na cha Chuka, kilichopata yake 2013, viko kwenye barabara ileile ya Embu–Meru anayoijua kijana wa Karurumo tangu utotoni. Miongozo ya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ya 2014 ilimtaka mwanafunzi wa uzamili achapishe makala moja na wa uzamifu mbili katika majarida yenye mapitio ya wataalamu. Dai hilo lilileta malalamiko mengi, na baadhi ni ya haki, kwa kuwa liliwasukuma wengine kwenye majarida ya kununua. Hata hivyo aliyewahi kupokea ripoti mbili za wapitiaji wasiomjua, moja ya upole na moja kali, akakaa chini na kujibu hoja moja baada ya nyingine, ameionja semina ya Leeds au Pittsburgh kabla ya kupanda ndege.

Kwa wanafunzi wa mwaka wa nne ambao hawajafika huko, gharama ni chumba kimoja na saa mbili za Ijumaa alasiri. Makala moja iliyosomwa na wote, mwanafunzi mmoja wa kuitetea, mmoja wa kuipinga, na mhadhiri anayekubali kuketi pembeni. Aliyerudi kutoka ng'ambo aalikwe pia, aje na ile insha yake iliyopata 52, aisome kwa sauti pamoja na maelezo ya pembeni, aeleze alichokielewa siku ile na alichokuja kukielewa Machi. Na kamati ya harambee, inapomkabidhi kijana bahasha mbele ya kanisa, iwe imekwisha kumpa namba ya simu ya mtu huyo.